Alinawa sumu mbele ya watu: maisha ya Thomas Midgley na funzo kwa wavunja friji kuukuu

Mwaka jana alikuja kwangu kijana mmoja, mkazi wa hapa Babati, akilalamika tumbo. Lilikuwa likimkata kwa vipindi, choo kigumu, hamu ya kula imekwisha na usingizi hapati. Nilimwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Baada ya wiki tatu alirudi na hali ileile, nikambadilishia dawa. Aliporudi mara ya tatu viganja vyake vilikuwa vimepauka, na ndipo nilipomuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza: kwamba anafanya kazi gani.

Akaniambia ananunua friji, runinga na betri mbovu, anazivunja nyuma ya nyumba na kuuza shaba, alumini na vyuma kwa kilo. Betri anazipasua, anayeyusha risasi yake kwenye sufuria na kutengeneza chubwi za kuzamishia nyavu, ambazo wavuvi wa ziwani wananunua. Nilipomweleza kwamba huenda ugonjwa wake unatokana na kazi hiyo, alikataa kwa heshima. Alisema ameifanya miaka sita, risasi haimnukii wala haimwashi, na kwamba sumu ya kweli mtu huijua mara moja.

Jibu lake lilinikumbusha mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka themanini iliyopita, mbali sana na Babati, lakini ambaye kazi ya mikono yake imo katika kila rundo la vyuma chakavu unaloliona mjini. Wiki hii naomba nikusimulie maisha yake, kisha turudi kwenye friji iliyolala nyuma ya nyumba yako.

Thomas Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alikuwa mvumbuzi, hivyo mtoto alikua akiona vitu vikifunguliwa, vikijaribiwa na kufungwa tena. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka 1911. Hapo naomba uzingatie jambo moja: hakusomea kemia wala udaktari. Kemia aliipata kazini, kwa kujisomea na kwa kujaribu, kama mafundi wetu wengi wanavyoipata kazi yao.

Mwaka 1916 aliajiriwa katika maabara ya Charles Kettering huko Dayton, jimbo la Ohio, maabara ambayo baadaye iliingia chini ya kampuni ya General Motors. Kazi aliyopewa ilihusu injini za magari. Wakati ule petroli ilikuwa ikiwaka vibaya ndani ya silinda, injini inagonga, nguvu inapotea na vyuma vinaharibika. Midgley alitafuta kitu cha kuchanganya na petroli ili kuondoa tatizo hilo. Alijaribu vitu vingi kwa miaka kadhaa, vingine vikimwacha yeye na wenzake wakinuka hata watu wakiwakwepa.

Desemba 1921 alijaribu kimiminika kimoja chenye madini ya risasi. Kiasi kidogo tu kilitosha, injini ikatulia. Februari 1923 petroli yenye risasi ilianza kuuzwa Dayton. Kilipewa jina la biashara la Ethyl, na neno risasi halikuonekana katika jina hilo. Midgley alijua pia kwamba pombe iliyochanganywa na petroli huzuia kugonga, lakini risasi ndiyo iliyoleta faida zaidi kwa wenye kampuni.

Msomaji wangu, usifikiri madaktari wa wakati ule hawakujua. Madhara ya risasi yalijulikana tangu enzi za Warumi. Midgley mwenyewe aliyaonja. Mapema mwaka 1923, kabla hata biashara haijachangamka, alilazimika kuacha kazi kwa wiki kadhaa na kwenda kupumzika Florida kwa sababu afya yake ilikuwa imeathiriwa na risasi. Akarudi, akaendelea.

Oktoba 1924 yakatokea makubwa. Katika kiwanda kilichokuwa kikitengeneza kimiminika kile jimboni New Jersey, wafanyakazi walianza kuchanganyikiwa. Waliona vitu visivyokuwepo, wakapiga kelele, wengine ikabidi wafungwe ili wasijidhuru. Watano walifariki na zaidi ya thelathini walilazwa. Kimiminika kile hupenya ngozi na kufika kwenye ubongo, tofauti na risasi ya kawaida ambayo huingia zaidi kwa mdomo na kwa pumzi.

Kampuni ilihitaji kuwatuliza watu. Tarehe 30 Oktoba 1924, mbele ya waandishi wa habari, Midgley alichukua kimiminika kile akakimimina mikononi na kunawa nacho. Kisha akashika chupa na kuvuta mvuke wake kwa takriban dakika moja, akawaeleza waandishi kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Hakuanguka, wala hakukohoa. Kwa macho ya waliokuwapo, suala lilikuwa limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano mjini Washington kulijadili. Miongoni mwa waliosimama kupinga alikuwa Dk. Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameingia viwandani na majumbani mwa wafanyakazi kuhesabu waliougua kwa risasi. Alionya kwamba madini hayo hayadhibitiki yakishasambazwa. Hakusikilizwa. Mwaka uliofuata petroli yenye risasi ilirudi sokoni, na kutoka huko ikaenea dunia nzima.

Ilifika na kwetu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikamilisha kuiondoa mwanzoni mwa mwaka 2006. Maana yake ni kwamba mimi ninayeandika, na wewe uliyekwisha kuvuka miaka ishirini, tuliivuta tukiwa watoto kila lori lilipopita barabarani. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Sasa tuje kwenye friji. Miaka ya 1920 friji za nyumbani zilitumia gesi hatari: amonia, dioksidi ya salfa, au kloridi ya methili. Mrija ukivuja usiku, familia iliweza kuamkia hospitali au kutoamka kabisa. Mwaka 1928 Kettering alimwomba Midgley atafute gesi isiyo sumu na isiyowaka. Yeye na wenzake waliipata kwa haraka ya kushangaza. Baadaye ilijulikana kwa jina la Freon, na ni ya kundi la kemikali zinazoitwa klorofluorokaboni.

Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake na kurudia mtindo wake. Alivuta gesi ile hadi mapafu yakajaa, kisha akaipuliza polepole kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika. Kwa tendo moja alionyesha kwamba gesi haimuui anayeivuta kidogo na kwamba haishiki moto. Na safari hii, tuseme haki, alikuwa na hoja. Gesi ile ilifanya friji kuwa kitu cha kuwekwa jikoni karibu na watoto, na watu wengi walisalimika kwa sababu yake.

Midgley alipata heshima kubwa. Alimiliki hataza zaidi ya mia moja, akapewa nishani kuu za kemia nchini kwake, na mwaka 1944 akawa rais wa chama cha wanakemia wa Marekani. Lakini tangu mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 51, polio ilikuwa imempooza miguu. Akiwa mvumbuzi hadi mwisho, alijitengenezea mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa nyumbani kwake amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na miaka 55.

Hakuishi kuona yaliyofuata. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za kundi la Freon, kwa kuwa hazivunjiki kirahisi, hupanda juu angani na huko hula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 upungufu mkubwa wa ozoni uliripotiwa juu ya Antaktika. Mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal wa kuziondoa, na Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Ule ugumu wa kuvunjika, uliosifiwa kama usalama, ndio uliokuja kuwa hatari.

Kwa nini nimekusimulia haya katika safu ya afya? Kwa sababu Midgley alifanya maonyesho mawili, na yote mawili yanarudiwa kila siku na mafundi wetu bila wao kujua. Onyesho la kwanza linasema: nimeshika na sijadhurika, basi si sumu. Onyesho la pili linasema: ni salama katika friji, basi ni salama popote. Hoja zote mbili ni za uongo.

Tuanze na la pili. Gesi ya friji ni tulivu ikiwa imefungwa kwenye mirija yake. Ukikata mrija ndani ya chumba kidogo, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini na kusukuma oksijeni nje. Anayeivuta kwa wingi anaweza kuzirai au moyo wake kubadilisha mapigo ghafla. Ikirukia ngozi au jicho ikiwa bado kimiminika, hugandisha kama barafu. Hatari kubwa zaidi ni moto. Mshumaa wa Midgley ulizimika, lakini kichomeo cha gesi cha fundi hakizimiki. Gesi za zamani zikikutana na mwali wake huvunjika na kuwa tindikali kali za florini na klorini, pamoja na fosjini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Fosjini inaweza kukuacha ujisikie vizuri kwa saa kadhaa, kisha mapafu yakajaa maji usiku.

Friji nyingi za miaka ya karibuni zina gesi nyingine kabisa, inayowaka kama gesi ya kupikia. Kibandiko kilicho nyuma au kwenye kompresa huandika aina yake: R12 ni ile ya Midgley, R134a ni ya baadaye, na R600a ni ile inayolipuka. Na ile sponji ya njano iliyomo ndani ya kuta za friji isichomwe kamwe, kwa kuwa moshi wake una sianidi na kaboni monoksidi.

Zipo pia friji za mafuta ya taa, ambazo zahanati nyingi za vijijini zilitunzia chanjo kabla ya umeme na sola. Hizi hazina kompresa. Ndani ya mabomba yake mna amonia, gesi ya haidrojeni iliyobanwa, na chumvi ya kromiamu iliyowekwa kuzuia kutu. Msumeno ukipita hapo, amonia huunguza macho na koo, haidrojeni inaweza kulipuka, na maji ya manjano yanayotoka yana aina ya kromiamu inayosababisha saratani. Ukiiona imelala stoo ya zahanati yenu, iache ilipo.

Sasa turudi kwenye onyesho la kwanza, la kunawa sumu. Risasi haionyeshi ubaya wake siku ile ile. Hujikusanya kidogo kidogo na kujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Kwa mtu mzima huleta maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, shinikizo la juu la damu na ugonjwa wa figo. Kwa mjamzito huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kwa mtoto mdogo hupunguza uwezo wa akili na kubadilisha tabia, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama.

Inapatikana wapi nyumbani? Kioo cha runinga ya chogo, hasa sehemu ya nyuma, kimechanganywa na risasi, na runinga kubwa inaweza kubeba kilo moja au zaidi. Haivuji kioo kikiwa kizima, ila kikivunjwa vumbi lake linasambaa, pamoja na unga uliopakwa ndani ya skrini. Waya wa kulehemu kwenye vibao vya redio na runinga za zamani ni risasi kwa karibu asilimia 40, na ukichoma kibao kutafuta shaba unaivuta. Betri za gari na za sola ndizo zenye risasi nyingi kuliko vyote. Ongeza nyaya zinazochomwa, ambazo plastiki yake hutoa tindikali na dioksini, na taa za tyubu, ambazo zina zebaki.

Kama unadhani natisha watu, kumbuka Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa pale na kufungwa mwaka 2014, baada ya watoto na wazazi wao kukutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Fidia haiondoi risasi kwenye ubongo wa mtoto. Na kinachofanywa na kiwanda kwa mtaa mzima, sufuria moja inaweza kukifanya kwa nyumba moja.

Basi ufanye nini?

Kwanza, kama una friji mbovu, usiipige shoka wala kukata mirija yake. Muuzie au mpe fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na kuihifadhi kwenye mtungi, na kazi ifanyike nje, penye hewa. Mlango wa friji ung'olewe ili mtoto asijifungie ndani.

Pili, usivunje kioo cha runinga ya chogo na usichome nyaya wala vibao. Nyaya zivuliwe plastiki kwa kisu. Betri isipasuliwe. Iuzwe nzima kwa mkusanyaji mwenye kibali, nayo tindikali yake isimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Tangu mwaka 2021 zipo kanuni za taka za vifaa vya umeme nchini. Ofisi ya mazingira ya halmashauri au NEMC wakuelekeze nani ana kibali.

Tatu, kama kazi hii ndiyo inayokulisha, ifanyie mbali na nyumba. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Badilisha nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto na wajawazito wasisogee. Kitambaa puani hakizuii vumbi la risasi wala gesi. Na maziwa ambayo wengi hunywa ili kuondoa sumu hayaiondoi. Lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu hupunguza risasi inayofyonzwa tumboni, lakini iliyokwisha kuingia haifuati maziwa ikatoka.

Nne, amonia au tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha nenda hospitali. Ukivuta moshi wa gesi ya friji iliyopigwa na moto, nenda hata kama unajisikia mzima. Na ukifika, mwambie mganga kazi yako bila kusubiri kuulizwa. Nasi wahudumu wa afya tuulize. Mimi sikuuliza mara mbili, na kijana wa watu akameza dawa za vidonda vya tumbo kwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Damu yake ilibidi isafirishwe, na majibu yalithibitisha risasi. Alipewa rufaa, akatibiwa, na sufuria ile akaiacha. Tumbo limetulia na rangi ya viganja imerudi. Lakini ana binti wa miaka mitatu, ambaye alikuwa akichezea majivu pale pale nyuma ya nyumba. Tulimpima naye, na kiwango chake kilikuwa cha juu kuliko cha kumwachia mzazi yeyote alale. Haumwi tumbo, anacheza, anacheka, ukimwona utasema ni mzima. Tunamfuatilia, na mama yake huniuliza kila wanapokuja kama atasoma vizuri. Bado sina jibu la kumpa.